Makaburi ya wafalme wa Japani: yachimbwe au yaachwe?

Wakuu, kwa wanaofuatilia mambo ya kale, hili linanikera muda mrefu.

Pale Sakai, karibu na Osaka, kuna kaburi la Daisen la karne ya 5. Tuta lake lina urefu wa karibu mita 500 toka ncha hadi ncha, limezungukwa na mahandaki matatu ya maji. Kutoka angani lina umbo la tundu la ufunguo. Ukisimama chini unaona msitu tu. Mwaka 2019 UNESCO ililiingiza kwenye Urithi wa Dunia kwa jina la Mfalme Nintoku. Nani amethibitisha kwamba ni yeye? Idara ya mambo ya kifalme hairuhusu wanaakiolojia kuchimba kilima chenyewe, eti wazee wa ukoo wasisumbuliwe.

Heshima ni jambo jema, lakini unamheshimu nani ikiwa humjui aliyelala humo? Mfalme Keitai ana kaburi lake rasmi, lenye ulinzi na ibada. Wataalamu wengi wanaona alizikwa Imashirozuka, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kwa kuwa hilo halikuwa kwenye orodha ya idara, lilichimbwa, zikaonekana safu za haniwa, yaani sanamu za udongo: nyumba, farasi, askari, hata wanamieleka. Kwa hiyo sadaka zinapelekwa kwa jirani!

*

Mleta mada, taratibu. Kaburi la kale la Takamatsuzuka umelisahau? Lilifunguliwa 1972, watu wakashangilia michoro ya ukutani ya wanawake waliovaa mavazi ya rangi. Ukungu ukaingia. Mwaka 2007 ilibidi chumba kibomolewe jiwe baada ya jiwe ili michoro ikatibiwe. Ilidumu gizani takribani miaka 1,300, sisi ikatushinda ndani ya miaka 35. Mzee wangu angesema acheni kaburi la watu.

*

Mimi niko katikati. Upanga wa kaburi la kale la Inariyama ulichimbwa 1968, ukaonekana chuma chenye kutu tu. Miaka kumi baadaye eksirei ikafichua herufi 115 za dhahabu, zikimtaja mfalme Wakatakeru. Vifaa vya kaburini vinasema, ila vinataka msikilizaji mwenye subira. Kuchimba leo ni kuwapora wajukuu wenye mashine bora zaidi.

*

Mkuu, huo upanga ungebaki ardhini nani angeupiga eksirei?

Ila la Takamatsuzuka nalikubali, limeniuma. Basi majeneza yabaki. Lakini mwaka 2018 idara na jiji la Sakai walichimba pamoja kwenye ukingo ulio kati ya mahandaki ya Daisen, si kilima chenyewe, wakakuta mawe yaliyotandazwa na safu ya haniwa, na hakuna mzimu aliyelalamika. Waendelee hivyo kwenye makaburi mengine, na wanaakiolojia wa nje ya idara wawepo. Na lile jina la Nintoku waliondoe sasa. Daisen inatosha, kubadilisha kibao hakuhitaji jembe.