Tupeane uzoefu: nani alikushauri siku ulipoacha Fizikia?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu wa namna tulivyochagua masomo na kombi (tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita) tukiwa sekondari. Naanza mimi.

Nilisoma shule ya kata mkoani Singida. Mtihani wa kidato cha pili tulifanya 2013. Tuliporudi Januari, mwalimu wa taaluma alisimama mlangoni akasema wa sayansi waingie darasa hili, wa arts waende lile. Mwalimu wa Fizikia tulishamkosa muda mrefu. Rafiki zangu wanne wote wakaenda arts, nami nikabeba kiti nikawafuata. Haikufika dakika tano. Nilikuwa na miaka 15.

Na mimi tangu mdogo nilitaka uuguzi. Bibi yangu alilala kitandani miaka mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa namgeuza na kumsafisha vidonda. Pale shuleni hakuna aliyeniuliza.

Kidato cha nne nikapata divisheni ya pili, pointi 20, nyumbani wakachinja kuku. Tukaenda na mama chuoni kuuliza stashahada ya uuguzi. Dada wa dirishani akatazama matokeo, akasema, "Mdogo wangu, hapa tunataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Wewe una Baiolojia tu." Mama akamjibu, "Lakini mwanangu amefaulu." Yule dada akarudia taratibu, kwa upole kabisa. Njiani kurudi mama hakusema neno.

Nikarisiti miaka miwili. Asubuhi nauza mboga, mchana tuisheni na watoto niliowaacha madarasa mawili nyuma. D mbili, za Kemia na Fizikia, ndizo zilizonifungulia mlango, na leo nipo wodini. Kazi naipenda. Ila miaka ile miwili inaniuma hadi leo, kwa sababu mtu mmoja angekaa nami nusu saa tu kabla ya ile Januari, nisingeipoteza.

Karibuni.

Mwalimu wa Tabora
Pole dada, na hongera. Mimi ni mwalimu wa Hisabati na ndiye mwalimu wa unasihi shuleni kwetu. Niseme ukweli: kwa miaka mingi kazi yangu ya unasihi ilikuwa utoro, mimba na ugomvi wa bwenini. Habari za kazi na vyuo tulizigusa mara moja tu, Selform, zile fomu za kuchagua kombi na vyuo, zilipofika kidato cha nne. Wakati huo aliyeacha Fizikia ana karibu miaka miwili hajaigusa, kwa hiyo unamshauri juu ya milango iliyokwisha kufungwa.

Nilibadilika baada ya binti mmoja kuja ofisini analia, kisa kama chako hiki hiki, tofauti yake alitaka maabara. Sasa naanza na kidato cha pili, mwezi wa saba. Nachapisha kurasa za mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, zile zenye sifa za kila kozi, nabandika ukutani. Kila mwanafunzi anaandika kazi tatu anazozifikiria, kisha anatafuta mwenyewe masomo yanayotakiwa. Hapo ndipo wengi wanashtuka. Mwaka jana mvulana mmoja aliyekwisha kusema anaacha Kemia aligundua kwamba famasi inaitaka, akabaki nayo.

Pia nawaita waliosoma kwetu: fundi magari, afisa ugani, mhasibu. Watoto wanawauliza mishahara, wanauliza kama kazi ilipatikana kwa kujuana, na wanajibiwa bila kufichwa. Mimi siwezi kuwajibu hayo.

Fundi wa Mbagala
Mimi divisheni ya nne, pointi 28. Mtaani nilionekana nimeshindwa maisha. Mjomba akanipeleka VETA, chuo cha ufundi stadi, nikachukua umeme wa majumbani, nikasoma hadi Level III. Nina vijana wanne wananisaidia kazi. Kinachoniumiza ni kwamba shuleni VETA ilitajwa kama tishio: "Msiposoma mtaishia VETA." Mwenye mtoto mkondo wa amali, yaani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, ulioanza 2024, naomba mumtie moyo.

Mkuu wa Moshi
Mzee alitaka injinia ndani ya nyumba, nikaenda PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Hesabu za kidato cha tano zilinizidi tangu mwezi wa kwanza wa masomo, lakini kumwambia baba kwamba nataka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) sikuthubutu. Matokeo: E ya Kemia, S ya Fizikia, F ya Hisabati. Chuo kikuu kinataka principal pass mbili, yaani alama za A hadi E, mimi ninayo moja.

Sikujua kama kuna njia nyingine. Nilikaa nyumbani mwaka mzima hadi jirani aliponiambia ile E moja na S moja za kidato cha sita zinatosha kuombea stashahada ya uhasibu. Nikasoma, nikatoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.6, nikaingia digrii, kwa kuwa mwenye stashahada anatakiwa kuwa na angalau 3.0. Baba alikuja kwenye mahafali. Hatujawahi kuizungumzia PCM.

Msomaji wa Nakuru
Huku Kenya mambo yalikuwa hayo hayo, masomo tulichagua tukitoka Form Two. Sasa chini ya mtaala mpya mtoto anachagua mkondo akiwa Gredi ya 9, ni mdogo zaidi. Mwalimu wa Tabora, hiyo ya kubandika sifa ukutani nitaipeleka kwenye mkutano wa wazazi.

Mama Wawili
Nimesoma yote. Binti yangu yuko kidato cha pili, juzi kasema anaacha Fizikia kwa kuwa shoga zake wanaacha. Nikimuuliza anataka kuwa nani, anasema hajui. Na sasa tahasusi za kidato cha tano nasikia ni 65, mimi hata kuzitaja siwezi. Nianzie wapi?

Mleta mada
Dada, tahasusi ziache kwanza. Kutojua kwake si tatizo, akiwa hajui ndiyo sababu asiiache Fizikia kwa sasa. Mwulize ni kazi gani hawezi kuifanya hata kwa dawa, utaanza kumwelewa. Jumamosi nipo zamu ya asubuhi. Kama mko jirani na Singida mjini, nitumie ujumbe tupange, aje tuongee nikitoka.