Bosi anataka niache ajira nije na chenso yangu, anilipe kwa mita za ujazo. Nisaini?

Mkata_Misonobari

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mkataji kwenye mashamba ya miti ya biashara, nimeajiriwa na mkandarasi wa uvunaji kwa mshahara wa mwezi. Chenso yake, petroli yake, kofia na suruali ya kinga zake. Sasa ametuita wakataji wote, anataka tujitegemee: kila mtu na mashine yake na mafuta yake, halafu malipo ni kwa mita za ujazo. Bei aliyoitaja, nikiipigia hesabu kwa kasi yangu ya sasa, inafika karibu mara mbili ya mshahara.

Kazi ya kwanza ni kupunguza miti kwenye shamba la misonobari ambalo halijawahi kupunguzwa. Baadaye ndiyo tuingie kwenye iliyokomaa. Hela ya chenso moja ninayo. Mke wangu ana wasiwasi, mimi moyo unanituma niende. Mliotangulia naomba mnifungue macho: nimuulize nini kabla sijasaini?

Gogo_la_Bondeni

Mkuu, hiyo kasi yako ya sasa umeipimia kwenye miti ipi? Kama ni iliyokomaa, hesabu yako imeshakufa. Chukua mti mkubwa wenye nusu mita ya ujazo: ukiangusha miwili umepata mita moja. Kwenye shamba linalopunguzwa kwa mara ya kwanza, mti unaweza kuwa na sehemu moja tu ya kumi ya mita. Hapo unaangusha kumi kupata ileile mita moja. Mara kumi unasafisha shina, unatazama njia ya kukimbilia, unainama, unapogoa matawi. Na miti imebanana, mingi haifiki chini, inaning'inia kwa jirani.

Kwa hiyo bei moja kwa miti yote usikubali kabisa. Bei ifuate ukubwa wa wastani wa mti katika kila kitalu, yaani kila kipande cha shamba, na mtembee kitalu pamoja kabla hamjapatana. Mimi nimejitegemea miaka mingi na naipenda kazi hii, siwezi kukwambia usiende. Ila bei ya mita ya ujazo bila kuujua mti ni namba tu.

Dada_Kipimo

Kaka, mimi kazi yangu ni kupima magogo. Uliza nani anapima, anapimia wapi, na anapima sehemu gani ya gogo.

Nikuoneshe. Gogo la mita 4, kipenyo cha katikati sentimita 30, lina mita za ujazo 0.28. Akija mtu akapima ncha nyembamba, tuseme sentimita 26, akazidisha kwa urefu uleule, anapata 0.21. Robo ya gogo lako imepotea, na hakuna aliyeiba kitu. Uliza pia kama ni juu ya ganda au chini ya ganda, maana msonobari una ganda nene hasa upande wa shina.

Halafu mahali. Ukilipwa kwa magogo yaliyofika kando ya barabara, basi trekta la kuvutia likiharibika na wewe umekosa malipo, wakati jasho lako limeshamwagika msituni. Komaa upimiwe palepale ulipokatia, kila mmoja abaki na nakala ya karatasi iliyosainiwa siku hiyohiyo.

Bawaba

Naona wote mmeingia kwenye hela. Mimi nimefundisha wakataji, na ninachoogopa kwenye malipo ya mita za ujazo ni ule mti ulioning'inia. Mwenye mshahara atauacha, ataita wenzake. Anayelipwa kwa mita anauona kama muda unaomla, basi anapita chini yake, au anakata ule mti ulioubeba. Watu wanakufa hivyo. Mti ulioning'inia unazungushwa kwa nyenzo yenye ndoano, au unavutwa kwa winchi kutoka shinani. Ikishindikana, eneo linafungwa kwa alama na hakuna anayeingia.

Sasa mkandarasi akujibu: winchi ni ya nani? Muda wa kuisubiri analipa nani? Hilo liandikwe. Na liandikwe kwamba hukati peke yako, awepo mtu wa kuonana naye au kusikizana naye muda wote, na mwingine yeyote akae mbali kwa urefu wa miti miwili unapoangusha.

Bawaba ya mti usiiguse kwa haraka. Mkato wa uelekeo, ule wa upande mti unakoangukia, uingie kama robo ya kipenyo, mkato wa nyuma uje juu kidogo ya kona yake, na katikati ubakize mbao isiyokatwa kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo; hiyo ndiyo bawaba. Anayewahi malipo huipitiliza, mti unakosa wa kuuongoza.

Mzee_wa_Tupa

Kijana, chenso moja si biashara. Ikizima asubuhi, siku imekwenda. Unahitaji mbili, cheni kadhaa, bamba la akiba (lile ambalo cheni hulizunguka) na tupa zinazolingana na meno ya cheni yako. Gharama zako zote zigawanye kwa siku unazokata kweli, usizigawanye kwa siku za mwezi. Ondoa za mvua, za upepo mkali, za kutengeneza mashine, za kuumwa. Kinachobaki ndicho ukilinganishe na mshahara.

Haki_Kazini

Kama atakupangia saa za kuingia na kutoka, atakukataza kumkatia mtu mwingine, na ni yeye peke yake anayekulipa, basi umebaki mwajiriwa wake uliyebebeshwa gharama. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 198 mwaka 2006 kuhusu jambo hilohilo: kinachotazamwa ni kazi inavyofanyika, jina lililo kwenye mkataba halitoshi. Muulize pia ukiumia nani atakutibu. Bima ya ajali uwe nayo kabla ya chenso ya pili.

Mkata_Misonobari

Nawashukuru sana, mke wangu amesoma yote. Nimerudi kwa bosi. Amekubali kupima katikati ya gogo, chini ya ganda, palepale msituni, na bei mbili kwa ukubwa wa miti. Kukatia wengine ruksa. Winchi anasema "tutaona", nimemwambia sisaini hadi ionekane kwenye karatasi. Bima nimeanza kufuatilia. Swali la mwisho: chenso ya pili nimepata iliyotumika, inawaka vizuri. Niitazame wapi?

Mzee_wa_Tupa

Kuwaka hakutoshi. Ikiwa imepoa, fungua ekzosi, vuta kamba taratibu huku ukimulika pistoni kwa tochi. Ubavu wake uwe laini. Ukiona mikwaruzo ya wima, aghalabu ilinyimwa oili kwenye petroli, achana nayo. Kisha shika gurudumu la kuendeshea cheni ulitikise: likicheza juu na chini, huenda beringi zimechakaa. Ikipita hapo, inunue, na uchanganyie wewe mwenyewe: kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli.