Tanga: Diwani tuliyemtoa mtaani kwetu sasa hataki mkutano, na mtaro tulioujenga kwa mikono yetu umezibwa

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nipo Tanga mjini. Kata sitaitaja, wala jina la mtu, kwa sababu ninachotaka ni mtaro ufunguliwe na mkutano uitishwe. Wa huku kwetu wataelewa nazungumzia nini.

Mheshimiwa huyu si wa kuletwa na magari msimu wa kampeni. Ni wa kwetu. Alikuwa fundi baiskeli chini ya mwarobaini, na kwa mji kama Tanga fundi baiskeli anajuana na kila mtu, kuanzia wanaowahi samaki Deep Sea alfajiri mpaka watoto wa shule. Halafu akawa mtunza vyombo wa chama chetu cha kuzikana. Maturubai, masufuria, majamvi, ufunguo wa stoo, vyote vilikuwa mikononi mwake. Ukifiwa usiku wa manane ulikwenda kumgongea, akatoka, akasukuma mkokoteni mwenyewe mpaka kwako. Hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo hakuingia siku ya msiba. Siasa yake ilianzia hapo, na hilo nalisema kwa heshima kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 tukampa uenyekiti wa mtaa. Mnajua uenyekiti wa mtaa ulivyo: mshahara hakuna, lawama kila siku, mlango wako unagongwa na kila mwenye ugomvi wa mpaka. Yeye aliufanya kazi kwelikweli. Kila robo mwaka karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa, na kabla ya kubandikwa alikuwa ameshatusomea mkutanoni, mstari kwa mstari, mpaka hela ya kufuli. Tukinyamaza alikuwa anatuchokoza. "Ulizeni, hela ni zenu." Kuna vibibi ambao maisha yao yote hawakuwahi kunyoosha mkono mbele za watu, walianza kuhoji kwenye mikutano yake.

Sasa niwaeleze habari ya mtaro, maana ndio uliomfanya awe alivyo leo.

Sisi tupo bondeni. Maji ya mitaa ya juu yote yanateremkia kwetu yakitafuta bahari. Masika ikikolea maji yalikuwa yanaingia ndani, yamechanganyika na ya vyooni, magodoro yanawekwa juu ya makabati na watoto wanalala mezani. Mwenyekiti akaitisha mkutano, tukakubaliana msaragambo. Mwenye hela atoe hela, asiye nayo alete mawe au atoe jasho. Wiki hadi wiki watu wakachimba, mafundi wa mtaani wakajenga kwa mawe na saruji, kina mama wakapika.

Michango yote iliandikwa kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, namba ya nyumba, alichotoa, sahihi. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba kwenye wino wa zambarau. Upo ukurasa mmoja karibu wote ni madole, ya kina mama wa mihogo na vibibi wasuka ukili, na mbele ya kila dole kimeandikwa alichotoa mtu: ndoo za kokoto, mkokoteni wa mawe, chai ya mafundi. Mwandiko ni wake yeye mwenyekiti, kurasa zote. Daftari likakabidhiwa kwa mweka hazina wa kamati ya mtaro, mama mtu mzima, na mpaka leo analo.

Mtaro ulifanya kazi. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, ambazo zilitesa watu nchi nzima, kwetu maji yalipita yakaenda zake.

Huo mtaro ndio uliomwombea kura. 2020 alipogombea udiwani alipanda jukwaani akalinyanyua lile daftari juu, akasema huu ndio ushahidi wangu. Tukamzungukia nyumba kwa nyumba bila kulipwa hata nauli, akapita. 2025 akarudi tena.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mikutano ya mtaa imekatika. Mwenyekiti wa sasa, aliyeingia 2024 kwa kubebwa na yeye, ukimuuliza mkutano lini anajibu, "Nasubiri maelekezo ya mheshimiwa." Maelekezo gani? Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Hapo mamlaka yake yanaeleweka. Lakini mkutano wa wakazi wa mtaa ni wa wakazi. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Aliyenisomea ibara hiyo kwa mara ya kwanza maishani mwangu ni yeye huyu huyu, amekaa kwenye benchi la kijiwe cha kahawa na kijitabu cha Katiba mkononi.

Halafu likaja ghala. Kiwanja cha upande wa chini kimeuzwa, na mnunuzi akajenga ukuta kukatiza mtaro wetu. Sehemu iliyobaki ndani ya uzio akaifukia kwa kifusi ili malori yapate pa kupita. Hakupitisha hata kalavati moja chini ya ukuta. Maji yakifika pale yanagonga, yanarudi nyuma, yanatuingilia ndani. Masika ya mwaka huu nyumba zilizokuwa kavu miaka yote hiyo zimejaa tena, na choo cha jirani yangu kimetitia. Mjane, ana wajukuu wanne.

Tukaenda kwa diwani. Akatwambia, "Yule bwana ana kibali." Tukaomba kukiona. Akasema tumuone mtendaji. Mtendaji akasema suala hilo analo mheshimiwa. Ndivyo tunavyozungushwa mpaka leo na hakuna aliyetuonyesha karatasi yoyote. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, kina namba na kina ramani. Kama ramani inaonyesha mtaro, ukuta umejengwaje juu yake? Kama hauonyeshi, diwani aliyeujenga kwa mikono yake alinyamazaje?

Mwezi uliopita akaja mwenyewe, kwenye kikao kilichoitwa cha kujadili usafi. Tukadhani angalau leo litazungumzwa. Mama mweka hazina akasimama, amelifunga daftari kwenye khanga, akalifungua kwenye ule ukurasa wa madole. Mheshimiwa akamwambia, "Mama, hilo daftari limepitwa na wakati. Kaa tuendelee na ajenda."

Mama akamjibu, "Mwanangu, huu mwandiko ni wako."

Hakumjibu. Alipokea simu, akatoka nje, akapanda gari. Mimi nilikuwepo. Waliomo kwenye daftari lile wengine wameshafariki, na aliyewasukumia mkokoteni wa vyombo siku ya msiba wao ni huyo huyo aliyesema wamepitwa na wakati.

Watetezi wake najua mtakuja. Mtasema diwani hashiki fungu. Mtasema barabara na mitaro yake vilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Sawa, lakini mtaro wetu haukujengwa kwa fungu la mtu, na hatuombi bajeti. Tunaomba mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata aseme mbele ya watu kama ukuta ule ni halali au si halali. Kufungua kinywa hakuhitaji kifungu cha bajeti.

Na msiniambie tunapinga maendeleo. Tanga inafunguka na tunafurahi. Bandari imechimbwa, gati lina kina cha mita 13, meli zinafunga moja kwa moja. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapo. Ndiyo maana kila mwenye hela sasa anatafuta kiwanja cha ghala mjini, na ndiyo maana diwani wa mtaa wa bondeni anatakiwa awe macho kuliko wakati wowote. Vijana wetu wanataka kazi kwenye hayo maghala. Lakini ghala lijengwe na maji yaachiwe njia, kwani vinagombana?

Kuna na hili la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Zamani orodha ya vikundi vilivyopendekezwa tulisomewa mkutanoni, mtu anayejua kikundi hewa anasimama anasema. Sasa hakuna mkutano, hakuna orodha. Kina mama wauza dagaa wamejaza fomu hawajui hata zimeishia meza gani. Sisemi kuna aliyeiba, sina ushahidi. Nasema zamani tulikuwa tunaona na sasa hatuoni, na aliyefunga mlango ni yule aliyeufungua.

Angekuwa mgeni ningesema hajui. Huyu anajua. Anajua kila nyumba maji yanaingilia wapi, anajua mtaro una upana gani kwa sababu kamba ya kupimia aliishika yeye. Anajua mkutano mmoja wa saa mbili ungemlazimisha kujibu, ndiyo maana hauitishwi.

Wakuu wenye uzoefu na halmashauri, nisaidieni mambo mawili. La kwanza, barua ya wakazi kwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji kuomba nakala ya kibali na ramani ya kiwanja inaandikwaje ili isikataliwe masjala? Mwenye mfano auweke hapa, afute majina. La pili, mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani ni ya wazi na mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Aliyewahi kuingia aniambie utaratibu, na kama swali la wakazi linaweza kuingizwa kupitia diwani wa kata nyingine au wa viti maalumu, maana wetu hatalibeba.

Sahihi tumeanza kukusanya jana jioni. Mama mweka hazina ndiye wa kwanza kusaini, na barua tunaipeleka Jumatatu hata kama haijanyooka.