Durso, Herbie au BeanAnimal: kubadili mabomba ya kufurikia kwenye tangi la matumbawe la lita 1,170

Kolekole
Wakuu, naomba ulinganisho. Tangi ni sm 240 × 75 × 65. Sanduku la kufurikia liko nyuma katikati na lina matundu mawili chini: la inchi 1½ lenye bomba la Durso (bomba la wima lenye kofia na tundu la hewa juu), na la inchi 1 ambalo pampu inarudishia maji. Pampu inatoa kama lita 6,000 kwa saa. Bomba linagugumia mfululizo, na mapovu ya sampu (tangi la chini linalopokea maji) yanafika hadi kwenye tangi. Nitumie matundu haya haya kwa Herbie (mfumo wa mabomba mawili, sifoni na la akiba), au nitoboe niweke BeanAnimal (wa mabomba matatu)?

Chewa
Durso hushusha maji na hewa katika bomba moja, ndiyo maana linagugumia. Kwa inchi 1½ na lita 6,000 umeshapita kiwango chake. Ukipanua tundu la hewa kwenye kofia mgugumo utapungua, lakini mapovu yatabaki pale pale. Tena huna bomba la akiba: konokono mmoja akiziba mdomo, maji yanakuja sebuleni.

Mimi ningeenda Herbie. Bomba la inchi 1½ liwe sifoni kamili, lijae maji matupu, na chini yake uweke valvu ya geti ya kurekebishia. Tundu la inchi 1 liwe la akiba, na bomba la kurudishia lipite juu ya ukingo wa tangi. Mdomo wa sifoni uwe sm 15 au zaidi chini ya usawa wa maji sandukuni, la sivyo maji yatazunguka na kuvuta hewa. Bomba la akiba lisimame sm 2 au 3 juu ya usawa huo, lakini chini ya meno ya sanduku (nafasi za ukingoni ambamo maji huingilia).

Tasi
Chewa, ukimya wa Herbie haupingiki. Shida hapa ni akiba. Bomba la akiba lazima liweze kubeba pampu yote peke yake, na la inchi 1 haliwezi. Chukua mwanguko wa mita 1.2 kutoka sandukuni hadi sampuni: kihesabu, bila msuguano, zinapita kama lita 8,500 kwa saa. Weka mdomo, elbo mbili na msuguano wa bomba lenyewe, zinabaki chini ya nusu. Sifoni ikiziba, zinazozidi ni lita 2,000 kwa saa, yaani lita 33 kila dakika sakafuni hadi chumba cha pampu kikauke.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu. Ama ushushe pampu hadi lita 3,500 kwa saa na uweke Herbie, ama ubaki na 6,000 na utoboe kwa ajili ya BeanAnimal. Binafsi ningeshusha pampu. Lita 3,500 ni mzunguko wa mara tatu kwa saa, unaotosha skima (kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu) na hita. Mkondo wa kuyafaa matumbawe ni kazi ya pampu za mawimbi.

Kolekole
Nikitoboa, BeanAnimal inanipa nini zaidi ya Herbie?

Tasi
Inajirekebisha. Mabomba ni matatu, yote inchi 1½. La kwanza ni sifoni yenye valvu. La pili liko wazi na hupitisha maji kidogo tu, kwa hiyo pampu ikibadilika kidogo halina neno. Kwenye kofia yake kuna mrija wa hewa wa mm 6 ambao ncha yake iko juu kidogo ya usawa wa maji. Sifoni ikiziba, maji yanapanda na kufunika ncha hiyo, hewa inakatika, na bomba la pili nalo linageuka sifoni. La tatu hukaa kavu siku zote, halina valvu, na mwisho wake uwe juu ya maji ya sampu ili likianza kumwaga ulisikie.

Kabla ya kutoboa hakikisha kioo si kilichoimarishwa kwa joto (tempered), maana hicho hupasuka vipande vipande. Weka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma ya kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi: ukiona madoa au mistari, acha. Vioo vya chini huwa hivyo mara nyingi, kwa hiyo toboa cha nyuma, tena baada ya kukipima.

Pono
Naongezea la vifaa. Valvu za geti zilizojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni za shaba nyeupe. Usiweke hata moja: shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Tafuta ya PVC, hata kama ni ya kuagiza. Koki ya kugeuza robo duara haifai kwa sifoni, kwani kuigusa kidogo tu kunabadilisha usawa wa sanduku zima. Weka yunioni (kiungio kinachofunguka) juu na chini ya valvu ili uifungue kusafisha.

Tenki konekta (kiungio kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo): raba ikae upande wa maji, bila silikoni, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko. Gundi ya PVC iachwe saa 24. Ncha ya sifoni izame sm 2.5 tu kwenye maji ya sampu. Ikizama zaidi hewa haitoki na sifoni inakataa kuanza.

Kolekole
Na umeme ukikatika usiku?

Pono
Kwa vipimo vyako kila sm 1 ya tangi ni lita 18. Mdomo wa kurudishia ukizama sm 5, zitashuka lita 90, na juu yake maji ya sandukuni hadi usawa wa mdomo wa sifoni. Inua mdomo wa kurudishia ukae sm 1 au 2 chini ya uso wa maji. Valvu ya kuzuia kurudi usiitegemee, chokaa na mwani huishikilia wazi. Zima pampu, weka alama maji yalipoishia sampuni, kisha washa: sifoni inapaswa kunyamaza ndani ya dakika moja au mbili. Halafu funga valvu yote pampu ikiwa inazunguka, na usimame pale uangalie bomba la akiba kwa dakika kumi.