Ubeti wangu unachechemea wapi?

Mwanagenzi
Hamjambo malenga. Natunga tangu darasa la tano, na sasa nakusanya diwani ndogo. Huu ndio ubeti wa kufungulia. Ni tarbia (ubeti wa mistari minne), mizani (silabi) 8 kwa 8, lakini kila anayeusoma anasema unachechemea. Tatizo ni nini? Na mashairi ya utotoni niyarekebishe au niyaache yalivyo?

*Nilikupenda kuandika, tangu nikiwa mtoto,*
*Kalamu haikuchoka, ikawa chanzo cha ndoto,*
*Na leo nimezeeka, ningali na ule moto,*
*Wino haujakauka, watiririka kama mto.*

Kidau cha Wino
Shikamoo mzee. Vipande viwili vimezidi mizani moja moja. Ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) wa kwanza: ni-li-ku-pe-nda ku-a-ndi-ka, 9. Toa "ku" ya kati, ibaki "Nilipenda kuandika". Utao (nusu ya pili) wa mwisho: wa-ti-ri-ri-ka ka-ma m-to, 9 tena. Huyo "m" ndiye anayekuponyoka, kwa sababu ukisema haraka "mto" husikika kama pigo moja. Mbele ya t, "m" husimama peke yake: mtu ni 2, mtoto ni 3. Katika "mboga" imeungana na b, kwa hiyo m-bo-ga haipo, ni mbo-ga tu, 2. "Nchi" nayo ni 2. Weka "ja" mahali pa "kama": *watiririka ja mto*. Imetimia 8.

Usihesabu kwa macho. Ghani polepole huku ukigonga meza kwa kila silabi.

Binti Mrima
Nakubaliana, ila angalia pia vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande. Kina cha kati "ka" umekijaza vitenzi vitupu, na vitenzi vya namna hiyo havikuumizi kichwa, ndiyo maana ubeti unakuwa mwepesi. Changanya na mwaka, baraka, mashaka.

Halafu amua bahari (mtindo wa shairi) mapema. Ukienda na mtiririko (vina vilevile beti zote) kwa beti 10 huku kibwagizo, mstari wa mwisho wa ubeti, kikirudi vilevile, utahitaji maneno 31 ya "to" na mengine 31 ya "ka". Andika orodha kwanza. Ikiishia kwenye 20, utaanza kuokoteza maneno yasiyo na maana. Hapo ni heri ukaraguni, vina vibadilike kila ubeti.

Inkisari (kufupisha neno ili mizani itimie) ni ruhusa, lakini kwa adabu. "Nitaandika" ukiifanya "taandika", msomaji anaelewa. "Sitaandika" ukiikata hivyo hivyo, umesema kinyume chake kabisa! Kiambishi cha kukanusha hakikatwi.

Kidau cha Wino
Hilo la kukanusha ni muhimu sana, nimeona mashairi mazuri yakiharibika hapo. Mzee, ukitaka kusimulia maisha yote tangu daftari la kwanza, fikiria utenzi: mizani 8 kwa mstari, mistari mitatu ya mwanzo kina kimoja, wa nne unabeba kina cha bahari, kilekile kila ubeti, hadi tamati. Tarbia ndefu humchosha msomaji wa masimulizi. *Sheria za Kutunga Mashairi* cha Amri Abedi (1954) bado kinafaa kuwa mezani.

Binti Mrima
Kuhusu ya utotoni: usifute juu ya daftari lenyewe. Nakili kila shairi kwenye karatasi mpya, acha mstari mmoja wazi chini ya kila mshororo (mstari wa shairi), rekebisha humo. Gusa mizani na vina tu. Msamiati wa mtoto uache, hata ukiuona mchanga. Ukiupamba kwa maneno ya utu uzima, shairi linakuwa si la yule mtoto tena. Chini yake weka mwaka wa kutungwa na mwaka wa kurekebishwa.