Mitambo ya upepo na mandhari: mtu anazoea kweli au tunajidanganya?

mpendamilima

Habari zenu wakuu. Kuna jambo linanisumbua muda sasa naomba tulijadili kwa nia njema, maana nimejaribu kuliongea na watu ninaofahamiana nao tukaishia kununiana.

Mi ni mtu wa kupanda milima, nikipata siku ya mapumziko napanda juu nakaa naangalia, basi. Sasa kwenye mgongo wa mlima ninaoupenda kuliko yote kuna mradi unataka kuweka mitambo ya umeme wa upepo na toka nimesikia hiyo habari nina roho mbili. Moja inasema huu ni umeme usio na moshi, hali ya hewa inaharibika tunaona kwa macho, unataka nini kingine? Nyingine inasema ule mstari ambapo mlima unakutana na anga, ambao naujua hata nikifumba macho, sitauona tena ulivyo. Nikisema hivyo naambiwa nina ubinafsi, eti nataka umeme ila sitaki kuona unakotoka. Hilo neno limeniuma sana kwasababu sioni kama ni kweli, ila pia siwezi kuapa kwamba si kweli.

Kwahiyo nauliza hasa nyie mnaoishi na hii mitambo ikiwa inaonekana, mtu anazoea au hazoei? Na hivi kwanini lazima iwe kwenye vilele, si waipeleke sehemu ambayo haina mandhari ya kupoteza?

upepo_wa_kusi

Mkuu nianze na la mwisho maana ndio mzizi wa ugomvi wote. Nishati unayovuna kwenye upepo haipandi sambamba na kasi yake, kasi ikiwa mara mbili nishati inakuwa mara nane. Yaani tofauti ndogo tu ya upepo kati ya bondeni na kileleni inaamua kama mradi utalipa au utakufa. Na upepo mzuri unapatikana kwenye migongo ya milima, ufukweni, baharini na kwenye nyanda zilizo wazi, sehemu zile zile ambazo macho ya binadamu yanazipenda, na sababu ni moja, hakuna kinachoziba. Pasipoziba upepo hapazibi macho pia. Kwahiyo hiyo sehemu unayoitaka, yenye upepo mzuri na isiyo na mandhari ya kupoteza, ni adimu sana.

Kuhusu ubinafsi, mi nadhani wanakuonea. Kuna mtafiti wa Uholanzi anaitwa Maarten Wolsink ameandika mambo haya miaka mingi, na moja ya mambo aliyoonyesha ni kwamba maoni ya watu yanakwenda kama bonde: kabla ya mradi wengi wanaunga mkono, mradi ukitangazwa jirani yao uungaji mkono unashuka, ukishajengwa unapanda tena. Huyo huyo Wolsink amepinga sana hii tabia ya kumwita kila anayepinga mbinafsi, maana ukiwasikiliza wengi wana sababu zinazoeleweka na hazifanani.

Halafu kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa maabara ya Lawrence Berkeley, walihoji watu zaidi ya 1,700 wanaoishi ndani ya maili 5 kutoka kwenye mitambo, hiyo ni kama kilomita 8. Asilimia 57 walikuwa na mtazamo mzuri, asilimia 8 tu ndio mbaya, waliobaki katikati. Ukisogea karibu kabisa wasioipenda wanaongezeka, hilo lazima lisemwe, ila picha ya kwamba kila jirani wa mitambo anaishi kwa machungu sio kweli. Kilichotofautisha waliopenda na waliochukia, sehemu kubwa ilikuwa kama waliona mipango ilienda kwa haki, na kama machoni pao mitambo inaendana na eneo.

Alafu kumbuka vinu vya upepo vya Kinderdijk Uholanzi, viko 19, leo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1997 na watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuviangalia. Vile vilikuwa mashine tu za kusukuma maji. Macho yanajifunza mkuu.

jirani_wa_mitambo

Mimi nimeishi miaka minne na mitambo tisa ikiwa mbele ya dirisha, wa karibu zaidi uko kama kilomita moja na nusu hivi. Nakujibu kwa moyo wote.

Mchana nimezoea. Sio kwamba siioni, naiona, ila imekuwa kama jirani ambaye unamsalimia unapita. Kuna asubuhi za ukungu ambapo ncha za mapanga zinatokeza juu zinazunguka polepole na mwanangu anakaa kuzihesabu, siwezi kukwambia ni mbaya maana sio mbaya. Kitu nilichogundua ni kwamba ikizunguka hainisumbui, ikisimama ndio inanikera, sijui nielezeje, ikizunguka naona inafanya kazi naona kuna maana ya kuwepo pale, ikisimama wiki nzima kwa matengenezo naona tu minguzo imekaa juu ya kilima.

Usiku sijazoea na sidhani kama nitazoea. Zile taa nyekundu za kuonya marubani wa ndege zinawaka na kuzima zote kwa pamoja, giza lililokuwepo zamani halipo. Watu wanaongelea mandhari kana kwamba jua halizami! Na hili lina dawa kabisa, kuna mfumo wa kuwasha taa pale tu ndege inapokaribia, muda mwingine zote zinakuwa zimezimwa. Ujerumani wameliweka kwenye sheria. Kwahiyo kwenye kikao ulizia TAA, usitoke pale bila jibu la taa.

Kingine ni kivuli. Jua likiwa chini nyuma ya mapanga kivuli kinapita dirishani kinapepesa, mwanga giza mwanga giza, kwetu ilikuwa wiki chache tu za mwaka na ni asubuhi, ila hizo wiki unatamani kuhama. Tulilalamika, ikachukua miezi kusikilizwa, mwishowe wakaiweka mitambo miwili isimame yenyewe dakika hizo za asubuhi. Kumbe walikuwa wanaweza tangu siku ya kwanza. Hilo ndo bado linaniuma, kuliko hata mitambo yenyewe.

sitaki_kuzoea

Nimesoma vizuri mliyoandika na nina heshima na nyote, ila hili neno kuzoea tunalitumia vibaya. Binadamu anazoea kila kitu, anazoea hata kuishi jirani na jalala. Mtu kuzoea hakuthibitishi kwamba hakuna kilichopotea, kunathibitisha kwamba binadamu ni mvumilivu. Na kwenye hizo tafiti za miaka mingi baada ya kujenga, aliyeshindwa kuvumilia akahama humhoji tena, umehoji waliobaki na waliohamia wakati mitambo ishakuwepo.

Na mfano wa Kinderdijk naomba tuuache jamani. Kinu kile ni cha matofali na mbao, kinazidi kidogo miti iliyokizunguka. Mitambo ya leo inapita mita 150 mpaka ncha ya panga, na mingine inapita 200. Huwezi kusema tembo na paka ni wamoja kwasababu wote wana miguu minne. Kitu cha mita 200 juu ya mlima wa mita 300 kinaufanya mlima uonekane mdogo, hicho ndicho mtoa mada anachokiogopa hata kama hajakitaja kwa jina. Mlima unapoteza ukubwa wake.

Alafu mandhari sio picha ya ukutani. Norway kule Fosen walijenga mitambo 151 kwenye maeneo mawili ambayo Wasami, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, wanalishia kulungu wao wa kufugwa (reindeer) wakati wa baridi. Oktoba 2021 mahakama ya juu kabisa ya Norway ikasema vibali vile vilivunja haki za wafugaji hao kuishi kwa utamaduni wao. Mitambo ilikuwa ishajengwa! Nasema hili sio kwa sababu mlima wa mtoa mada una kulungu, ila mradi unapofika watu wa mipango wanaona mahali patupu penye upepo, na aliyeishi pale anaona kitu kingine kabisa, na huyu wa pili ndiye anayeitwa mbinafsi.

Mi siupingi umeme wa upepo. Ninachopinga ni kumwambia mtu anayehuzunika kwamba huzuni yake ni ujinga.

upepo_wa_kusi

Sawa, mfano wa Kinderdijk nauondoa, umenishinda kwenye ukubwa. Na hoja yako ya waliohama nayo ina uzito. Ila kwenye ukubwa kuna jambo la kushangaza. Mitambo mikubwa inazunguka polepole, midogo ya zamani ilikuwa inazunguka kwa fujo. Pale Altamont Pass, California, miaka ya 80 waliweka maelfu ya vimitambo vidogo vya kila aina, vingine juu ya minara ya vyuma vya kuunganishwa, na eneo lile likawa mfano mbaya duniani, kwa macho na kwa tai waliokuwa wanauawa. Baadaye wakawa wanaving'oa na kuweka michache mikubwa. Kwahiyo ukiambiwa chagua, mitambo sita mirefu au ishirini mifupi kwa umeme ule ule, usikimbilie mifupi.

mgeni_jukwaani

Naingilia kidogo, nyumba zinashuka thamani au ni maneno tu? Mbona hamligusi hilo.

upepo_wa_kusi

Zinashuka ila kidogo. Kuna utafiti wa Marekani wa 2024, waliangalia mamilioni ya mauzo, nyumba inayoona angalau mtambo mmoja ndani ya kilomita 10 ilishuka wastani wa asilimia 1 hivi, na athari inapungua kadri miaka inavyopita. Wastani lakini, aliye karibu sana hali yake ni tofauti.

fundi_lensi

Nimewahi kufanya kazi ya kutengeneza zile picha za kuonyesha mradi utakavyoonekana, unapiga picha ya mahali kisha unaweka mitambo juu yake kwa kompyuta kwa vipimo sahihi. Mtoa mada nisikilize vizuri hapa maana watu wengi wanapoteza vita kwenye hizi picha.

Ukipiga kwa lensi pana kila kitu cha mbali kinakuwa kidogo. Mlima unasinyaa, mitambo inakuwa kama pini, watu kwenye kikao wanapumua, mradi ukijengwa wanashtuka wanasema tulidanganywa. Na kweli walidanganywa japo hakuna aliyesema uongo hata neno moja. Omba picha zilizopigwa kwa lensi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (full frame, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35), zichapwe kubwa, na uambiwe uzishike umbali gani kutoka machoni. Na uulize zimepigwa kutoka wapi! Mara nyingi zinapigwa kutoka barabarani au maegesho, hakuna anayepanda mpaka pale unapokaa wewe. Omba wapande.

Ila hata bila picha unaweza kupima mwenyewe. Chukulia mtambo wa mita 180 mpaka ncha. Nyoosha mkono mbele. Ukiwa kilomita 1 mtambo utakuwa na urefu kama upana wa ngumi yako. Kilomita 2, vidole vitatu vya katikati. Kilomita 10, kidole kidogo, ambacho bado ni mara mbili ya upana wa mwezi mpevu, kwahiyo anayekwambia kilomita 10 haionekani mwambie anyooshe kidole. Ukungu, rangi ya anga na jua liko upande gani vinabadilisha mambo, ndio maana mingi inapakwa kijivu hafifu kisichong'aa, ila urefu ni huo.

Nikupe na mfano wa kukutia moyo. Middelgrunden, Denmark, mitambo iko baharini karibu kabisa na Copenhagen, kilomita tatu na kitu. Mpango wa kwanza ulikuwa mitambo 27 kwenye mistari mitatu. Watu wakahojiwa wakalalamika kuhusu muonekano, mpango ukabadilishwa ikawa 20 kwenye mstari mmoja uliopinda kama upinde, ikaanza kazi mwaka 2000. Na nusu ya mitambo ile ilikuwa mali ya ushirika wa maelfu ya wananchi wa kawaida, sio ya mtu wa mbali. Linganisha na Cape Wind kule Massachusetts, ulitangazwa 2001, mitambo 130 baharini, matajiri na wavuvi na hata seneta Ted Kennedy wakapinga, kesi juu ya kesi, mpaka 2017 ukaachwa bila mtambo hata mmoja kusimama. Mandhari yalikuwa hoja kubwa kote kuwili. Denmark kalamu ilikuwa bado inaweza kuhamisha mstari, na ilihamishwa.

sitaki_kuzoea

Hapo kwenye mstari tuko pamoja. Mitambo inayofuata umbo la mlima, inapanda nao na kushuka nao, na iliyotawanywa tu ovyo, ni vitu viwili tofauti kabisa hata kwangu mimi nisiyeipenda.

mpendamilima

Wakuu asanteni, sikutegemea majibu ya hivi. Jirani wa mitambo hiyo habari ya taa sikuwa nimeifikiria hata dakika moja na mimi nalala kule juu mara nyingi, nyota ndio nusu ya sababu ya kwenda. Na sitaki_kuzoea, uliposema mlima unapoteza ukubwa wake nimekaa kimya muda mrefu. Ndio hicho. Nilikuwa nakitafuta hicho kitu sikijui jina.

Bado sijui nitasimama upande gani. Ila kikao ni wiki mbili zijazo na sasa nina vitu vya kuuliza: taa, lensi, picha kutoka kileleni, na kama ule mwisho wa mashariki wa mgongo, ambao ndio wenye umbo, unaweza kuachwa wazi mitambo ikakaa upande ulio bapa. Kama wakikataa hata kulijadili hilo nadhani nitakuwa nimepata jibu langu.

Jumamosi napanda kupima kwa ngumi. Nitapiga na picha ya mlima ulivyo sasa hivi, kwa milimita 50, niiweke hapa.