Naomba ushauri: mwani wa dada, vigingi au kamba za kuelea?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Dodoma, mbali na bahari, ila nimempa dada yangu aliyeolewa Jambiani, Zanzibar, mtaji wa kulima mwani. Anatumia vigingi na kamba, kina kifupi. Kotonii, aina ya mwani anayolima, imemwozea mara mbili kipindi cha joto: ncha zinakuwa nyeupe, kisha zinakatika. Akajaribu spinosamu, aina nyingine ya mwani, inastahimili, lakini bei yake ndogo. Kinachoniuma zaidi, ili apige vigingi aling'oa nyasi za bahari, na humo ndimo samaki wadogo hujificha.

Naombeni mnisaidie: akihamia kamba za kuelea kwenye kina kirefu, kotonii itapona? (Hajui kuogelea, nahofia.) Na nyasi alizong'oa zitaota zenyewe akilipumzisha lile shamba?